Mwongozo Kamili wa Kupata Mguu Bandia kwa Gharama Unayoimudu

Swali la kwanza la mtu aliyekatwa mguu, au la ndugu zake, huwa ni mguu bandia unauzwa bei gani. Ni swali la haki, lakini likitangulizwa mbele ya mengine hupotosha. Mguu bandia haununuliwi mara moja ukaisha: mtu mzima kwa kawaida huhitaji kubadilishiwa kila baada ya miaka 3 hadi 5, mtoto anayekua kila baada ya miezi 6 hadi 12, na katikati ya vipindi hivyo kuna mikanda inayokatika, soketi (kikombe kinachopokea sehemu ya mguu iliyobaki) inayolegea na unyayo unaopasuka. Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya shauri moja: tafuta kwanza karakana ya viungo bandia unayoweza kuirudia kwa miaka mingi, kisha ndipo utazame kiungo chenyewe. Mguu wa kawaida uliotengenezwa na fundi unayemfikia utakuhudumia kuliko mguu wa kifahari ambao skrubu yake ikilegea inaagizwa ng'ambo.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu milioni 35 hadi 40 duniani wanahitaji viungo bandia au vifaa vya kuegemeza viungo, na kwamba ni mtu mmoja tu kati ya 10 anayepata vifaa saidizi anavyovihitaji. Kinachowakwamisha wengi si bei ya plastiki, bali ni uhaba wa mafundi waliosomea kazi hiyo, umbali wa karakana na kutojua pa kuanzia.

Hatua ya 1: Zungumza na daktari kabla ya upasuaji, kama muda upo

Ajali haimpi mtu nafasi ya kuuliza, lakini kisukari, donda lisilopona au uvimbe mara nyingi huacha siku kadhaa za kujiandaa. Swali kubwa la kumuuliza daktari ni kama goti linaweza kuokolewa. Aliyekatwa chini ya goti hutumia nguvu pungufu kutembea kuliko aliyekatwa juu yake, huanguka mara chache, na katika maisha yake yote hatalazimika kununua goti bandia, ambalo ni sehemu inayoongeza bei na kuharibika upesi.

Omba pia kwamba daktari ashauriane na fundi wa viungo bandia kabla ya kukata. Kigutu, yaani sehemu ya mguu inayobaki baada ya kukatwa, kikiwa kizuri kina mfupa uliolainishwa ncha, misuli inayoufunika mfupa huo, na kovu lililokaa mahali pasipobanwa na soketi. Kigutu kirefu kupita kiasi nacho kina shida zake, kwa kuwa fundi hukosa nafasi ya kuweka unyayo au goti. Ombi la namna hii huwashangaza baadhi ya madaktari, lakini ni halali, na mazungumzo ya dakika chache yanaweza kuepusha upasuaji wa pili.

Hatua ya 2: Andaa kigutu wakati unaposubiri

Hapa ndipo watu wengi hupoteza mguu bandia kabla hawajaupata, na kazi ya hatua hii haihitaji fedha nyingi. Baada ya upasuaji kigutu huvimba, na kisiposhikwa vizuri hubaki na umbo la rungu lisiloingia katika soketi. Mara daktari atakaporuhusu, kifunge kwa bandeji ya kunyumbulika kwa mzunguko unaopishana kama tarakimu 8, ukikaza zaidi nchani na kulegeza kadiri unavyopanda. Usizungushe bandeji duara moja juu ya jingine, kwa maana huko ni kukaba damu. Ifungue na kuifunga upya mara kadhaa kwa siku, na uiondoe mara moja ukihisi maumivu makali au ganzi.

Adui wa pili ni kukakamaa kwa maungio. Mgonjwa huwekewa mto chini ya goti au chini ya paja kwa huruma, naye hujisikia vizuri, lakini baada ya wiki chache goti au nyonga hukataa kunyooka. Goti lililokakamaa likiwa limekunjwa halipokei mguu bandia wa kawaida. Ondoa mto huo. Aliyekatwa chini ya goti aketi akiwa amenyoosha goti juu ya ubao au kiti kingine, na aliyekatwa juu ya goti alale kifudifudi kwa dakika 20 hadi 30, mara mbili au tatu kwa siku, ili nyonga ibaki wazi. Pamoja na hayo fanya mazoezi ya kuimarisha mapaja, makalio, tumbo na mikono, kwa sababu ndivyo vitakavyobeba kazi ya misuli iliyoondoka.

Maumivu katika mguu usiokuwepo ni ya kweli na huwapata watu wengi. Hayana uhusiano na uchawi wala udhaifu wa akili. Kupapasa kigutu, kukigongagonga taratibu na kukisugua kwa vitambaa vya aina mbalimbali huzoesha neva kuguswa. Wengine hupata nafuu kwa kukaa mbele ya kioo kilichosimamishwa katikati ya miguu, wakaitazama taswira ya mguu mzima ikisogea kiooni huku wakijaribu kuusogeza ule mwingine. Maumivu yasipopungua, daktari ana dawa mahususi za maumivu ya neva, ambazo si zile za kawaida za kutuliza maumivu.

Mwenye kisukari ana jukumu jingine lisilongoja: kuukagua mguu uliobaki kila siku, kati ya vidole na chini ya wayo, kwa kutumia kioo au macho ya mtu mwingine. Mguu huo sasa unabeba kazi ya miguu miwili.

Hatua ya 3: Andika maisha yako, siyo ndoto zako

Kabla ya kwenda karakana, andika kwenye karatasi unaishi wapi na unafanya nini. Je, njia yako ni ya lami, mchanga au matope? Unaketi kwenye kiti au sakafuni? Unachuchumaa chooni? Unasali kwa kupiga magoti? Unabeba mizigo? Unatembea peku, au hutoki bila viatu? Una umri gani, una uzito gani, na moyo wako una afya kiasi gani?

Majibu hayo ndiyo yanayochagua vifaa. Mkulima anayesimama ndani ya maji anahitaji mguu usioshika kutu, na mfanyakazi wa ofisini anaweza kuridhika na mguu mwepesi wenye sponji la kuupa umbo. Mzee aliyekatwa juu ya goti, anayetoka chumbani hadi uani tu, mara nyingi huwa salama zaidi na goti lenye kufuli kuliko na goti linalojikunja lenyewe. Kwa baadhi ya watu jibu la kweli ni kiti cha magurudumu au magongo mazuri, na mtaalamu anayelisema hilo waziwazi anastahili kuaminiwa kuliko yule anayemuuzia mguu kila anayeingia mlangoni.

Hatua ya 4: Elewa mguu umeundwa na nini

Mguu bandia una sehemu nne kuu: soketi inayopokea kigutu, kifaa cha kuushikilia mguu usichomoke, bomba linaloshika nafasi ya mfupa, na unyayo. Aliyekatwa juu ya goti huongezewa goti. Soketi ndiyo sehemu muhimu kuliko zote, nayo haipatikani dukani kwa sababu hutengenezwa kwa kipimo cha kigutu cha mtu mmoja tu. Soketi nzuri juu ya unyayo wa bei nafuu itakutembeza. Soketi mbaya juu ya unyayo wa bei kubwa itabaki imeegemea ukuta.

Kwa miguu ya bei nafuu, njia mbili zimeenea sana. Ya kwanza ni ile ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, iliyoanzisha programu yake ya utengamao wa viungo mwaka 1979, na ambayo baadaye ilijenga mfumo mzima juu ya plastiki ya polipropilini. Plastiki hiyo ni nyepesi, haiogopi maji, na inaweza kupashwa moto tena ili fundi arekebishe sehemu inayobana. Ya pili ni mguu wa Jaipur, uliobuniwa nchini India mwaka 1968 na fundi Ram Chandra Sharma akishirikiana na daktari wa mifupa P. K. Sethi. Unyayo wake wa mpira ulikusudiwa watu wanaotembea peku, wanaochuchumaa na wanaokaa sakafuni, mambo ambayo unyayo mgumu uliobuniwa kwa ajili ya kuvaliwa kiatu huyafanya kwa shida. Shirika la Bhagwan Mahaveer Viklang Sahayata Samiti, lililoanzishwa na D. R. Mehta mwaka 1975, huutoa mguu huo bila malipo na limepeleka kambi zake za muda za kutoa miguu katika nchi nyingi.

Viungo vilivyochapishwa kwa printa ya pande tatu vimeandikwa sana magazetini, pengine kuliko vinavyostahili. Kuchukua umbo la kigutu kwa skana ni msaada wa kweli, na mikono myepesi ya watoto iliyochapishwa hivyo imewafaa baadhi yao. Mguu hata hivyo hubeba uzito wote wa mwili maelfu ya mara kwa siku. Ukiahidiwa mguu uliochapishwa, uliza kama umepimwa uimara kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 10328. Ikiwa anayeutengeneza hajui kiwango hicho ni nini, usikubali kuwa wa kwanza kuujaribu.

Kuhusu mguu uliotumika: unyayo, bomba na goti vinaweza kukaguliwa na fundi na kutumika tena, na ni njia halali ya kupunguza gharama. Soketi ya mtu mwingine haitumiki. Kuijaza vitambaa ili ikukae ni kujitafutia vidonda.

Hatua ya 5: Chagua karakana

Anza na hospitali kubwa ya serikali yenye idara ya mifupa, kwa sababu hata isipokuwa na karakana yake, watumishi wake hujua ilipo ya karibu. Uliza pia hospitali za mashirika ya dini, chama cha watu wenye ulemavu, na ofisi ya Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu. Vyuo vinavyofundisha mafundi wa viungo bandia visisahaulike, kwa kuwa wanafunzi hufanya kazi chini ya macho ya walimu na mara nyingi gharama huwa ndogo.

Ukishapata majina, nenda au piga simu, na uulize mambo haya bila haya: Nani atanipima, na amesomea wapi? Nitavaa mguu wa majaribio kabla ya ule wa mwisho? Mafunzo ya kutembea yamo ndani ya bei? Soketi ikilegea baada ya miezi 6 nitalipa kiasi gani? Unyayo na mikanda ya akiba mnayo hapa, au huagizwa? Kisha omba kuzungumza na mtu aliyevaa mguu wa karakana hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Jibu la mtu huyo lina uzito kuliko picha zote zilizobandikwa ukutani.

Kambi za kutembelea, zinazotoa miguu kwa siku chache na kuondoka, zimewasimamisha watu wengi ambao wasingepata mguu kwa njia nyingine, nami sitamzuia mtu kwenda. Udhaifu wake ni wa baadaye: kigutu hubadilika, na aliyekipima hayupo. Kabla ya kupokea mguu wa kambi, hakikisha kuna karakana ya kudumu iliyokubali kuurekebisha, na uombe maandishi ya aina ya vifaa vilivyotumika.

Hatua ya 6: Hesabu gharama ya mwaka, kisha tafuta fedha

Chukua bei ya mguu, ongeza nauli na malazi ya safari zote za kupimwa, kujaribishwa na kufundishwa, ongeza ukarabati unaotarajiwa, kisha gawanya kwa idadi ya miaka ambayo mguu unatarajiwa kudumu. Tarakimu inayotoka ndiyo bei halisi, na mara nyingi hugeuza uamuzi: mguu wa bure ulio mbali, unaodai safari ndefu kila soketi inapobana, huweza kuwa ghali kuliko ule wa kulipia ulio karibu. Usisahau siku za kazi zinazopotea, zako na za anayekusindikiza.

Kabla ya kuuza mali au kuchangisha, tazama haki zilizopo. Aliyeumia kazini aulize kuhusu fidia ya wafanyakazi, na aliyegongwa barabarani aulize kuhusu bima ya gari lililomgonga. Madai ya namna hii huwa na ukomo wa muda, kwa hiyo yasingoje kidonda kipone. Mwenye bima ya afya asome kama viungo bandia vimetajwa, na kama ukarabati umo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazitaka nchi wanachama katika kifungu cha 20 zirahisishe upatikanaji wa vifaa bora vya kujongea kwa gharama inayomudika. Kifungu hicho kinafaa kutajwa katika barua ya maombi kwa ofisi ya ustawi wa jamii. Ukilazimika kuagiza kifaa kutoka nje, uliza forodhani kuhusu msamaha wa ushuru kabla mzigo haujafika, kwa kuwa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 1976, inayokamilisha Mkataba wa Florence wa 1950, inaviondolea ushuru vifaa vya watu wenye ulemavu katika nchi zilizojiunga nayo.

Unapoomba msaada, omba fedha za mguu pamoja na mafunzo na marekebisho ya mwaka wa kwanza. Wafadhili hupenda kulipia kitu kinachopigwa picha. Ni juu yako kuwaeleza kwamba kinachofuata baada ya picha nacho kina gharama.

Hatua ya 7: Kupimwa na kujaribishwa

Usiende kupimwa kigutu kikiwa bado kina kidonda au uvimbe mkubwa. Vaa kaptura, na beba viatu unavyovaa kila siku. Jambo la viatu si dogo: unyayo hupangwa kulingana na urefu wa kisigino, na ukibadilisha kisigino baadaye, mguu mzima huinama mbele au nyuma na goti hukosa utulivu.

Fundi atakifunga kigutu kwa plasta, au atakipiga skana, kisha atatengeneza umbo na kuivuta soketi juu yake. Siku ya kujaribu, simama, tembea, keti, panda na ushuke ngazi kama zipo, halafu uvue na uitazame ngozi. Wekundu mwepesi mahali panapobeba uzito, unaotoweka ndani ya dakika 20 hivi, ni wa kawaida. Wekundu unaobaki, malengelenge au maumivu ya kuchoma kwenye ncha ya mfupa ni ishara kwamba soketi inahitaji kurekebishwa. Yaseme yote. Watu wengi hunyamaza kwa adabu au kwa kuogopa kupoteza mguu waliopewa bure, wakarudi nyumbani na kuuvua wasiuvae tena.

Hatua ya 8: Kujifunza kutembea

Mafunzo huanza katikati ya vyuma viwili vya kushika, kwa kujifunza kuuegemea mguu bandia bila woga. Ndipo hufuata hatua, kugeuka, mteremko, ardhi isiyo sawa, na namna ya kuanguka na kuinuka. Siku za mwanzo vaa kwa dakika 15 hadi 30, uvue, ukague ngozi, na uongeze muda polepole. Katika vituo vya Msalaba Mwekundu nchini Afghanistan, ambako mtaalamu wa fiziotherapia wa Kiitaliano Alberto Cairo amefanya kazi tangu mwaka 1990, watumishi wengi wenyewe ni watu wenye ulemavu, na anayejifunza humwona mwalimu wake akitembea kwa mguu wa aina ileile. Ukipata karakana yenye utaratibu kama huo, ipe kipaumbele.

Hatua ya 9: Matunzo

Osha kigutu kwa sabuni laini kila usiku, siyo asubuhi, kwa sababu ngozi yenye unyevu huvimba na kukwama ndani ya soketi. Usikinyoe wala usikipake mafuta kabla ya kuvaa. Soksi za kigutu zifuliwe kila siku na zianikwe kivulini, na soketi ifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo.

Kigutu hupungua sana katika mwaka wa kwanza, na hupungua kidogo hata ndani ya siku moja. Ukihisi mguu unazama au unapiga kelele ya kufyonza, ongeza soksi moja. Ukifika mahali pa kuvaa soksi nyingi nene ili mguu ushike, muda wa soketi mpya umefika, na soksi zaidi hazitasaidia. Kila wiki kagua mikanda, skrubu na unyayo. Mlio mpya, ufa au kulegea kokote kupelekwe karakana kabla hakujakuangusha. Usichomee, usigundishe na usitoboe mwenyewe.

Kwa aliyekatwa mkono

Hapa matarajio yapimwe kwa uangalifu, kwa kuwa mkono bandia huachwa mara nyingi kuliko mguu. Ndoano inayofunguliwa kwa mkanda wa begani haipendezi macho, lakini hushika jembe, kisu na usukani, na hurekebishwa kirahisi. Mkono wa umbo pekee, yaani wa kuonekana tu, hufaa kwa shughuli za hadharani. Mkono wa umeme unaosoma misuli ni ghali, hudai kuchajiwa, huogopa vumbi na maji, na ukiharibika husubiri mtaalamu ambaye huenda hayupo nchini. Vyovyote utakavyochagua, ni bora upate mapema, kabla hujazoea kufanya kila jambo kwa mkono mmoja.

Kwa mzazi wa mtoto aliyekatwa mguu

Mtoto hukua, na mfupa wake uliokatwa unaweza kurefuka kuliko ngozi hadi ukahitaji upasuaji mwingine, kwa hiyo ncha yake iguswe na kutazamwa mara kwa mara. Akisimama wima, linganisha urefu wa nyonga zake kwa viganja. Upande wa mguu bandia ukishuka, mguu umekuwa mfupi. Mwambie fundi tangu mwanzo atumie bomba linaloweza kurefushwa, na soketi yenye tabaka la ndani linaloweza kuondolewa mtoto anaponenepa. Waelezwe pia walimu shuleni kwamba mtoto anaweza kucheza, na kwamba anapolalamika maumivu aruhusiwe kuuvua mguu. Tarehe ya kipimo kinachofuata, isiyozidi miezi 6 mbele, iandikwe kwenye kadi yake kabla hamjatoka karakana.